Usije Julai

Hamilton, Kanada
9 Machi 1997

Dada Thoa,

Pokea salamu zangu, za Diep na za watoto. Sisi huku hatujambo. Theluji bado imerundikana mlangoni, na kila asubuhi naichota kwa koleo kabla ya kwenda kiwandani, ndiyo maana mgongo wangu haunipendi tena. Vy ameanza kuvaa miwani. Tony ana miaka minane na hajui kunyamaza. Diep bado yuko kwenye lile duka la kufua nguo. Na nyinyi je? Shemeji Tuat kikohozi kimempungua? Binti yako Luyen ameolewa kweli, au zilikuwa porojo za Baba Mdogo Khoat?

Sasa kaa kitako kwanza. Tunakuja. Umesoma vizuri, tunakuja wote wanne, mwezi wa Julai, shule zikifungwa, wiki tatu nzima. Tangu niondoke huko imepita miaka kumi na sita, na watoto wangu hawajui hata harufu ya mto wetu. Nimekwenda kwa wakala wa safari, Mchina mmoja mcheshi, akanitandikia ramani mezani tukaipanga likizo yote pale pale. Tutashukia Hanoi. Tutakwenda Ghuba ya Ha Long tukalale melini. Halafu Hue, watoto wakaone makaburi ya wafalme. Halafu Nha Trang, na huko tutakaa sana, maana Diep anataka bahari na Tony anataka bwawa lenye mtelezo. Mwisho tutateremka Can Tho kwa wakwe zangu. Nyumbani kwetu tutakaa siku mbili, mwanzoni kabisa.

Nina maswali machache. Hapo mjini Thai Binh kuna hoteli yenye choo ndani? Si kwa ajili yangu, unanijua. Diep anauliza habari za mbu. Halafu Tony hali samaki mwenye kichwa, sijui kajifunzia wapi.

Mwashie Mama vijiti vya udi kwa niaba yangu. Mwambie mwanawe anakuja.

Mdogo wako,
Luong


Kijijini, Thai Binh
28 Aprili 1997

Luong mdogo wangu,

Barua yako imefika, imekwisha kufunguliwa na mtu njiani na kugandishwa tena kwa wali. Hatujambo. Shemeji yako anakohoa vilevile kwa sababu anavuta tumbaku vilevile. Luyen ameolewa, nilikuandikia mwaka jana, nawe ukanijibu habari za gari lako jipya. Mafunjo yameota vizuri msimu huu na mikeka inanunuliwa, vidole vyangu ndivyo vinavyogoma. Baba Mdogo Khoat anakaribia miaka themanini na bado anagombana na majirani kwa sababu ya bata.

Nimefurahi. Naliandika neno hili mapema ili usije ukasema sikuliandika. Niliposoma "tunakuja" nilitoka mbio mpaka kwa jirani na barua mkononi, nikamwambia, "Luong anakuja." Halafu nikarudi ndani nikaendelea kusoma.

Usije Julai. Julai ni joto na mvua, na makaburi yetu yako mashambani, yanasimama ndani ya maji. Hakuna mwenye akili timamu anayefungua kaburi Julai. Mama tulimzika mwaka wa Mbwa, huu ni mwaka wa Ng'ombe, na baridi ya mwisho wa mwaka ikiingia miaka mitatu itakuwa imetimia. Au umesahau? Kwa kina Diep, huko kusini, mtu huzikwa mara moja wakamaliza. Sisi huku tunamzika mtu, tunauachia udongo kazi yake, kisha wanawe wanamfungua, wanaitoa mifupa, wanaiosha kwa maji ya viungo, wanaipanga ndani ya kijeneza cha udongo, na kumzika tena mahali ambapo hatasumbuliwa milele. Hapo ndipo anapokuwa na nyumba yake. Kabla ya hapo Mama anakaa chumba cha kupanga.

Na kichwa hupokewa na mtoto wa kiume. Mama alimzaa mmoja tu. Baba alipotolewa ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikipokea kichwa chake ukakiweka kifuani, wala hukulia, na Mama aliisimulia habari hiyo mpaka mwisho. Alipokuwa kitandani aliniambia, "Mimi sina wasiwasi. Luong ana mikono mizuri."

Kwa hiyo njoo Desemba. Mlete mkeo, walete watoto, mlete na Mchina wako mwenye ramani. Kama unaweza kwenda Hue kuangalia makaburi ya wafalme, la mama yako halitakushinda. Hoteli yenye choo ndani ipo mjini. Sijakiona hicho choo lakini wanasema kipo. Mbu wapo. Na samaki wa huku wote wana vichwa.

Dada yako,
Thoa


Hamilton
30 Juni 1997

Dada Thoa,

Salamu nyingi. Hapa joto limeanza na watu wanatembea nusu uchi kana kwamba wamefunguliwa jela. Vy amepata zawadi ya hesabu shuleni. Gari lile jipya limeharibika, kwa hiyo furahi.

Sijasahau, Dada. Usiniandikie kana kwamba nimesahau. Safari ya Julai nimeiahirisha, nimemwambia Diep kiwanda hakitoi ruhusa. Lakini Desemba ina matatizo yake. Kiwanda kinafunga karibu na Krismasi tu, ndege zinajaa, na watoto wanataka kuwa hapa na wenzao. Nimekaa nikafikiri. Je, haiwezekani wewe ukalisimamia jambo lenyewe wakati wa baridi, mimi nikaja Julai inayofuata kaburi likiwa tayari limejengwa, tukafanya karamu kubwa ukoo mzima? Nasikia Hanoi siku hizi wapo watu wa kuajiriwa wanaofanya kila kitu, familia inasimama pembeni tu. Mambo yamebadilika.

Halafu kuna Diep. Si mtu mbaya, ila mambo haya kwao hayapo. Nilimgusia siku moja wakati wa chakula, akaweka chini vijiti vyake vya kulia, akasema, "Mnawafukua?" Nikageuza mazungumzo.

Fikiria kwanza kabla ya kukasirika.

Luong


Kijijini
17 Agosti 1997

Luong,

Tu wazima. Maji yamepanda mpaka kwenye jiko na bata wa Baba Mdogo wanaogelea sebuleni kwa watu. Luyen ana mimba.

Nimefikiria kwanza, kama ulivyoniambia, na nimekasirika baadaye.

Watu wa kuajiriwa wapo, si Hanoi tu, hata hapa. Wanachimba, wanafungua, wanatoa maji. Lakini wanapofika kwenye kichwa wanasimama na kuuliza, "Mwana wa kiume yuko wapi?" Unataka niwajibu nini? Kwamba yupo, ila yuko kwenye mtelezo? Nilimsomea Baba Mdogo barua yako. Akavuta kiko chake, akatoa moshi, akasema, "Huyo kijana anataka kuja karamuni mifupa ikiwa imekwisha kufunikwa. Hata mimi karamu naipenda." Halafu akalala.

Mama hakuwahi kukuomba kitu. Ulipoondoka alikaa miaka mingi bila kukuomba kitu. Ulipokosa kuja kumzika, simu ya maandishi ikiwa imekufikia, watu waliniuliza sababu nikawaambia ni mambo ya pasipoti. Hukuwahi kuniambia ni nini hasa. Sikuulizi sasa.

Nakuuliza jambo moja: unakuja kumpokea mama yako, au huji? Jibu kwa neno moja, stempu ni ghali.

Thoa


Hamilton
14 Septemba 1997

Dada Thoa,

Nakuja.

Neno moja halitoshi kupanga safari, kwa hiyo nivumilie. Likizo yote tumeihamishia Krismasi. Tutafika Hanoi tarehe 20 Desemba, kesho yake jioni tuko kwako. Tarehe 22 nzima ni ya nyumbani. Asubuhi ya 23 gari la wakala linatuchukua kwenda Ha Long, na baada ya hapo ni Hue na Nha Trang, yote yamekwisha kulipiwa na pesa hairudishwi. Kwa hiyo Mama awe tarehe 22.

Tena nakuomba, usimwandikie Diep chochote, na watoto wasisikie. Wao wanajua ni likizo. Nimewaambia asubuhi hiyo nitakwenda shambani kusafisha kaburi la bibi yao, wao watabaki na Luyen wakijifunza kufuma mkeka. Ningependa iwe hivyo.

Nimenunua glovu nzuri za mpira. Wewe pia nitakuletea.

Luong


Kijijini
26 Oktoba 1997

Luong,

Hatujambo, nawe uwe hujambo. Baridi ya kwanza imeingia. Nimeagiza kijeneza cha udongo, chenye maua ubavuni, Mama angesema kwamba kina mbwembwe.

Nilikwenda kwa mzee Chuc, mpiga ramli, kuomba siku. Akahesabu kwa vidole, akafunua kitabu chake, akasema tarehe 27. Nikamwambia tarehe 27 mwana wa marehemu yuko ufukweni. Akaniangalia juu ya miwani. "Kwa hiyo wafu nao wapange likizo?" Nikamwambia, "Ndivyo mambo yalivyo siku hizi, mzee, hesabu tena." Akahesabu tena, kwa kununa, akanipa tarehe 22 kabla jua halijachomoza, akaongeza kwamba si siku mbaya ila si siku yake.

Baba Mdogo Khoat anasema tusubiri. Anasema, "Huyu bado, Thoa. Mpe miaka mingine." Wapo na wengine kijijini wanaosema hivyo. Mimi nimesema tunafungua, kwa sababu wewe unakuja.

Glovu zako zibaki Kanada. Mama haoshwi kwa glovu.

Thoa


Hamilton
11 Januari 1998

Dada Thoa,

Tulifika salama. Tony alitapika kwenye ndege. Wote wazima.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Sasa nitaiandika bila kuipamba.

Ulijua. Baba Mdogo alijua. Kijiji kizima kilijua, kila aliyenisalimia jioni ile tulipofika aliniangalia kwa huruma nikadhani ni kwa sababu nimekaa sana ughaibuni. Mimi peke yangu nilisimama pale ukingoni na kile kitambaa chekundu cha kumpokelea Mama mikononi, nikingoja. Wakatoa maji kwa ndoo, wakanyanyua kifuniko, nikaona buluu. Nilidhani ni turubai la mchimbaji limeangukia ndani. Halafu nikaiona zipu.

Lile koti la nailoni nililomtumia Mama. Halikuwa limechakaa hata kidogo. Na ndani yake, Dada, Mama hakuwa tayari. Baba Mdogo alinishika kichwa akanigeuza, sikumwona uso, na hilo namshukuru. Nilimsikia akisema tu, "Fungeni. Fungeni upesi." Na wao wakafunga. Wewe ulikuwa umesimama upande wa pili, na hukuniangalia.

Vy alikuwa nyuma yangu. Alitoroka kwa Luyen akatufuata, alitaka kupiga picha. Tunayo picha ya Mama amevaa koti hilo, iko jikoni kwetu juu ya friji, watoto wameiona tangu wachanga. Vy aliniuliza, "Baba, hilo si koti la bibi?" Usiku wa Ha Long aliota akalia, Diep akamuuliza, naye akamwambia yote. Diep hakunipigia kelele. Aliniambia, "Umetuleta likizo kwenye kitu kile, na ukatudanganya." Nha Trang tulikaa siku zote zilizolipiwa. Mvua ilinyesha. Tony aliteleza kwenye mtelezo wake chini ya mvua, mimi nimekaa nimeshika taulo. Ulitaka nifanye nini? Nibaki kwako nikae kando ya kaburi lililofungwa?

Kila mtu kijijini kwetu anajua nguo za plastiki hazizikwi. Hata mimi nimekumbuka, baada ya miaka yote hii. Wewe unayefuma ulimzikaje ndani ya nailoni? Na kwa nini hukuniandikia?

Luong


Kijijini
5 Machi 1998

Luong,

Luyen amejifungua mtoto wa kiume, mzima, ana sauti ya Baba Mdogo. Shemeji yako anakusalimu. Mwambie Vy kwamba shangazi yake huku amesikitika sana kwa yale aliyoyaona, na kwamba mkeka aliouanza nimeumaliza, nitautuma nikipata mtu.

Umeniuliza, nakujibu.

Koti lile uliliingiza katika kifurushi mwaka 1990, pamoja na kikaratasi: "Mama, vaa hili mwaka huu, baridi ijayo nitakuja mwenyewe." Sijui kama unakumbuka kile kikaratasi. Mama alikuwa anakikumbuka. Baridi ijayo ilikuja, na nyingine, na nyingine, yeye akivaa koti. Mpaka kiangazi alikuwa akilikunja mapajani akila tambuu yake. Akienda sokoni alijipiga kifuani, "Mwanangu huyu." Wanawake wa soko, unawajua ndimi zao, wakamwambia, "Bibi, kumbe mwanao siku hizi ana zipu?" Naye akawajibu, "Ana zipu na ana mifuko miwili. Wa kwako ana nini?" Wakacheka wote, yeye akicheka kuliko wao. Nyumbani hakucheka.

Siku zake za mwisho alisema azikwe nalo. Aliyasema mbele yangu na mbele ya Baba Mdogo, kwa akili zake zote. Alipokata roho, wanawake waliokuja kumwosha walinivuta pembeni wakaniambia, "Thoa, hilo livue, mvike pamba. Hilo halitaoza, litamshika." Najua kwamba halitaoza. Siku hizi mikeka yetu tunaipitisha uzi wa nailoni, mkeka wenyewe unaoza na kuwa mavumbi, uzi unabaki. Sikuhitaji kuambiwa. Lakini niliishika zipu nikashindwa. Kwa miaka minne hiyo ndiyo iliyokuwa sura yako aliyokuwa nayo. Wewe hukuwepo, Luong. Ulitaka nimvue na wewe pia?

Kwa nini sikukuandikia. Kwa sababu nilijua utakachojibu. Ningekuambia Mama bado, tumngoje miaka mingine, ungenishukuru kwa barua nzuri ndefu na kumpigia simu Mchina wako, na mpaka leo nisingekuona. Nilitaka uje. Nilisema moyoni labda udongo umefanya kazi kuliko tunavyodhani, labda Mama akisikia hatua zako atajitahidi. Mtu mzima kama mimi niliyaamini hayo. Nilikuona jioni moja na siku moja. Umenenepa, na ukilala unakoroma kama Baba.

Hukuuliza ni nani aliyelifukia upya kaburi baada ya wewe kuondoka pale. Ulikuwa na haraka ya meli.

Mzee Chuc amesema tufungue tena mwisho wa mwaka wa Joka, karibu miaka mitatu kuanzia sasa. Mapema hivyo nakupa taarifa ili upange likizo yako. Safari hiyo usije na glovu, wala zawadi, wala mpango wa siku mbili. Njoo na mikono.

Thoa


Hamilton
22 Oktoba 2000

Dada Thoa,

Salamu za siku nyingi. Najua ni kosa langu kwamba ni za siku nyingi. Barua zako zote nimezipata, na ule mkeka upo chumbani kwa Vy. Mgongo umenilaza wiki nzima mwezi uliopita. Vy amekuwa mrefu kuliko mama yake na yuko kwenye timu ya kuogelea. Pole kwa Shemeji Tuat, nilisikitika sana niliposikia, alikuwa mtu mpole. Baba Mdogo anaendeleaje? Bado bata?

Nimeona tarehe ulizoniandikia. Dada, safari hii sitaweza. Diep na watoto wamekwisha kupanga Krismasi Meksiko, pamoja na familia ya ndugu yake, na imelipiwa tangu kiangazi. Nilijaribu kumweleza. Akasema yeye hanizuii, niende peke yangu kama nataka. Unajua maana ya mwanamke akikuambia hakuzuii. Halafu na mgongo huu, saa zote hizo ndani ya ndege. Na mikono yangu siku hizi inatetemeka kidogo asubuhi. Daktari anasema si kitu.

Lakini sijakaa bure. Nimekutumia kifurushi, kitakufika kabla ya siku yenyewe. Ni kitambaa cheupe, kizito, pamba tupu. Nimemuuliza mwenye duka mara mbili, nikachomoa uzi nikauchoma kwa kiberiti pale pale dukani ili nione majivu yake, akataka kunifukuza. Mfunge Mama nacho. Hiki kitaoza, Dada.

Na mwaka kesho tunakuja kweli, nimeanza kuzungumza na wakala. Niambie, kwa maoni yako, Julai hali ya hewa ikoje huko baharini?

Mdogo wako,
Luong


Kijijini
14 Januari 2001

Luong,

Salamu kutoka kwa wote waliobaki. Luyen ana mtoto wa pili tumboni, kwa hiyo hakuja makaburini, mwenye mimba haji. Baba Mdogo alikuja, tulimbeba kwenye kiti. Bata wamekufa kwa ugonjwa na sasa hana wa kugombana nao, anagombana na mimi.

Mama ametoka, na ametoka vizuri. Koti lilikuwa zima, ila ndani yake safari hii kila kitu kilikuwa tayari, safi, kimekaa mahali pake. Lile koti lilikuwa limemshika barabara, kidole kimoja hakikupotea. Baba Mdogo alisema hajaona mifupa iliyokamilika namna ile.

Tulipofika kwenye kichwa wachimbaji walisimama. Baba Mdogo akaita jina lako kutoka kwenye kiti chake, kama inavyotakiwa. "Luong, njoo umpokee mama yako." Akaita mara tatu. Ukungu ulikuwa mwingi, na watu wengine nadhani waligeuka kuangalia njia. Hata mimi niligeuka. Halafu nikateremka nikakipokea mimi, bila glovu, nikakiweka kifuani. Ni chepesi. Nilidhani ungependa kujua. Sijui kama ni chepesi kuliko cha Baba, wewe ndiye uliyekishika kile.

Nimemwosha, nimemlaza kwenye kijeneza chake chenye maua, nimemfunga kwa kile kitambaa chekundu ulichokishika mwaka ule. Nilikuwa nimekiweka. Kitambaa chako cheupe ni kizuri kweli, ni pamba, nami nilichoma uzi nikaona. Nimekitandaza shimoni juu ya koti, wakafukia. Vitu vya marehemu huachwa shimo la kwanza, na nilitaka vitu vyako vikae pamoja.

Umeniuliza habari za Julai. Njoo Julai. Bahari huwa tulivu, watoto watafurahi, na ile hoteli ya mjini sasa ina choo kila chumba, nimekwenda kukiona mwenyewe. Kijijini si lazima mpite kama ratiba ni ngumu. Hapa hakuna tena kazi inayokungoja.

Dada yako,
Thoa